Ndizi Zilizochoka

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Jumamosi, Rashidah alikuwa amekwisha kuswali alfajiri na amesimama jikoni mbele ya ndizi ishirini na nne za kisukari zilizokataa kutoa maji.

Alikuwa amezimenya, akazitia kwenye beseni, akazifinya kwa mikono miwili kwa dakika ishirini na mbili. Alijua ni ishirini na mbili kwa sababu simu yake ilikuwa inahesabu, imeegemezwa kwenye mizani. Kwa makadirio yake, kufikia dakika ya kumi na tano ndizi zingekuwa zimelegea kama uji mzito, tayari kupokea unga wa muhogo. Badala yake alikuwa na mabonge makavu, meupe, yanayonata vidoleni kama udongo wa mfinyanzi. Alitia unga kidogo ajaribu. Mabonge yakapasuka vipande vipande, yakakaa ndani ya beseni yakimtazama.

Maji kidogo tu yangetosha kuyaunganisha. Lakini maji ndiyo aliyokatazwa.

Chini, kwenye ua wa jengo, gari aina ya pikapu lilikuwa limeegeshwa tangu jana jioni. Hamim, mwana wa Haboba Kaltumi, alikuja nalo kumchukua mama yake ampeleke Arua, na safari ilikuwa saa mbili kamili. Hamim alikuwa dereva wa malori. Akisema saa mbili, si saa mbili na robo.

Juu ya meza, kando ya mizani, ilikuwapo sahani moja ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Ukingo ulikuwa umebanduka rangi mahali pamoja, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sahani hiyo haikuwa ya Rashidah. Ilikuwa ya Haboba, na Rashidah alikuwa amekaa nayo miaka mitatu na mwezi mmoja.

*

Watu wote wa jengo lile la Kyebando walimwita Kaltumi Haboba, yaani bibi, kwa Kinubi. Alikuwa mjane wa fundi wa magari ya polisi, na kwa miaka arobaini alikaanga kabalagala: vile vibapa vya duara vya ndizi na unga wa muhogo ambavyo Kampala nzima hula na chai asubuhi. Alianza kuzikaanga akiwa kambini Naguru. Mume alipofariki akahamia Kyebando, chumba cha chini karibu na bomba, akaendelea na karai lilelile.

Rashidah alipanga ghorofa ya kwanza, juu ya chumba hicho. Alikuwa mwalimu wa kemia, umri wake wakati ule miaka thelathini na tano, mtoto wa familia ya wafanyabiashara ambayo mababu zake walikuja na misafara kutoka pwani na hawakurudi. Ndugu zake walikuwa Mbale. Hapo jengoni hakuwa na mtu. Mwezi wake wa pili hapo, akaambiwa ana kifua kikuu.

Hakulia. Alisoma kila karatasi aliyopewa, akauliza maswali kumi na moja, akarudi nyumbani na dawa za miezi sita: wiki ishirini na nne, siku mia moja sitini na nane. Alikuwa na uzito wa kilo arobaini na tatu. Vidonge vilikuwa vitatu kila asubuhi, na kila asubuhi vilimgeuza tumbo. Nesi alimwambia kwamba akishindwa kabisa, ale kitu kidogo pamoja navyo. Hilo lilikuwa shauri zuri kwa mtu mwenye nguvu za kuwasha jiko.

Habari zilienea jengoni, kama zinavyoenea. Majirani waliacha kumgongea mlango. Aliyekuwa akimwazima pasi alinunua ya kwake.

Siku ya saba Haboba alimkuta akitapika penye bomba. Siku ya nane, saa moja kasorobo, fimbo iligonga nondo za dirisha mara mbili. Rashidah alipofungua dirisha alikuta ukingoni kifurushi cha jani la mgomba, cha moto, na ndani yake kabalagala mbili. Mwanamke mwenyewe alikuwa tayari anashuka ngazi.

Alizila na vidonge vikakaa tumboni.

Kesho yake fimbo iligonga tena. Na kesho kutwa. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, mfungo wa Ramadhani ulipoingia na Haboba mwenyewe akiwa hali kitu mchana, fimbo iligonga mara mbili, na jani lilikuwapo. Mwezi wa nne Rashidah alikuwa kilo arobaini na nane. Mwezi wa sita, hamsini na moja. Tangu siku yake ya kwanza, Haboba hakukosa hata moja: asubuhi mia moja sitini na moja. Hiyo haikuwa hisia. Rashidah alikuwa na kadi ya dawa iliyotiwa alama kila siku, na aliweza kutoa saba kutoka mia moja sitini na nane.

Siku ya mwisho ya dawa, fimbo haikugonga nondo. Iligonga mlango. Alipofungua, hakukuwa na jani. Kabalagala sita zilikuwa juu ya sahani ya bati nyeupe, wazi, na Haboba ameishika kwa mikono miwili.

"Shika," alisema. "Umemaliza."

Akashuka.

Sasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo hujulikana Mbale, hujulikana Arua, na Rashidah alilijua kabla hajajua kusoma. Ukiletewa chakula, chombo hurudi na kitu ndani yake, hata kama ni ndimu mbili. Swali lilikuwa kitu gani. Ndimu mbili kwa asubuhi mia moja sitini na moja?

Alijaribu kwanza kwa njia nyepesi. Idd iliyofuata alipeleka mfuko wa mchele na sukari kilo mbili. Haboba aliupokea mlangoni, akashukuru vizuri, na kabla ya adhuhuri sukari ilikuwa kwa mjane wa chumba cha tatu na mchele kwa watu wa msikiti. "Mimi sikukupa cha dukani," alisema Rashidah alipouliza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha jumla ubaoni.

Basi kiwe cha mikono. Lakini Rashidah alikuwa mtu wa kula shuleni. Pilau aliyoipika mara moja kwa nia hiyo iliungua chini, na juu ikabaki mbichi. Na mpishi wa kabalagala utampelekea kabalagala? Ni kumpelekea mvuvi samaki. Akasema wiki ijayo. Baada ya wiki ijayo ukawa mwezi ujao, na baada ya mwaka sahani yenyewe ikawa na aibu yake. Kila alipopishana na Haboba ngazini walisalimiana vizuri, wakaulizana hali, na hakuna aliyeitaja.

Kisha macho ya Haboba yakaanza kufifia. Miezi minne iliyopita alishindwa kuona rangi ya mafuta, akaliinamisha karai ukutani. Hamim akasema mama anakwenda Arua, akaishi na wajukuu. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikafika, na Rashidah akashuka na kalamu.

"Haboba, nifundishe kabalagala."

Kikongwe alicheka mpaka akashika goti. "Mswahili wa chaki. Leo?"

"Leo."

"Andika basi. Maji yasiingie. Hata tone. Mafuta yasitoe moshi. Na ndizi ziwe zimechoka."

"Unga gramu ngapi?"

"Gramu ni za dawa, binti. Unga utakavyokunywa."

Rashidah aliandika yote matatu. Kwenda kwa Vera, muuza ndizi wa kona ya chini, ndipo alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa heshima tupu. Vera alimwekea mbele mafungu mawili: moja la manjano safi kama lililopakwa rangi, jingine limejaa madoa meusi na limelegea. Akamwonyesha lile jeusi.

"Hizi ni za mgeni wa heshima," Rashidah alisema, akachukua za manjano.

Aliyemlisha miezi sita utamkaangia ndizi zilizokwisha kuoza?

*

Sasa aliyatazama yale mabonge na akafanya jambo analofanya akishindwa kuelewa kitu. Alipima.

Kwenye sanduku la dawa kulikuwa na chupa ndogo ya aidini ya kupaka vidonda. Alikata kipande cha ndizi aliyoibakiza, akadondoshea tone moja. Kila mwanafunzi wake wa kidato cha kwanza angeweza kusema kitakachotokea. Tone la kahawia liligusa nyama ya ndizi na likageuka buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Wanga. Ndizi hizi zilifunikwa ziive haraka. Ganda lilikubali, ndani bado. Wanga haujawa sukari, chembe hazijalegea, na maji yaliyomo yamefungiwa. Angezifinya mpaka Jumatatu.

Saa kumi na mbili na dakika tano. Alivaa kandambili, akatia chupa ya aidini mfukoni, akashuka kimyakimya kupita mlango wa Haboba.

Vera alikuwa ndiyo kwanza anaondoa turubai kwenye meza yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kiganda.

"Mwarimu! Mgeni amekula?"

"Hajala. Nipe zile nyeusi za jana."

Vera aliacha turubai. "Zile zimeoza. Wewe umesema."

"Sikusema zimeoza."

"Ulisema kwa uso, nyabo, bibie."

Rashidah alikubali kwamba huenda alisema kwa uso. Vera aliridhika na hilo, akainama chini ya meza, akavuta boksi. Ndani zilikuwamo chana nne, nyeusi, laini, zenye harufu tamu iliyomfikia mtu kabla hajainama.

"Lakini hizi si zangu tena. Za Bienfait. Yule Mkongomani anakaanga pale Bukoto, anakuja saa moja. Kila siku anachukua zote."

Rashidah alichukua ndizi moja, akaifungua ncha, akatoa chupa mfukoni, akadondosha tone. Vera alimwangalia bila kupumua.

"Unaipima malaria?"

Tone lilibaki kahawia. Lilienea polepole kwenye nyama iliyokuwa karibu kuwa asali, na halikubadilika.

"Hii ndiyo," Rashidah alisema.

"Mimi naangalia tu kwa macho tangu nimezaliwa, sijaweka dawa." Vera alikunja mikono. "Mgeni huyo ni nani?"

"Haboba. Anaondoka saa mbili."

Uso wa Vera ulibadilika. Kwa miaka mingi, mpaka macho yalipomshinda, mteja wa boksi lile alikuwa Haboba. Bienfait alilirithi miezi minne tu iliyopita.

"Bambi, maskini," alisema. "Anaenda kabisa?"

"Kabisa."

Vera alitoa chana mbili kati ya nne, akazifunga kwa gazeti taratibu, kama mtu anayefunga mayai. "Nitamwambia Bienfait panya wamekula. Panya mwarimu." Akasukuma mkono wa Rashidah uliokuwa unatafuta pochi. "Nenda. Umeshachelewa, na hujui kukaanga."

*

Saa moja kasoro dakika kumi na nane, ndizi zile nyeusi zilikuwa ndani ya beseni.

Zilifinywa mara tatu, mara nne, na zikalegea. Kufikia dakika ya sita zilikuwa zinamwagika kati ya vidole, nzito, zenye kung'aa, bila tone la maji kutoka bombani. Rashidah alisimama kidogo akazitazama. Alijua maelezo yake yote, na bado ilikuwa kitu cha kutazama.

Alipima unga gramu mia nne, kwa sababu lazima uanzie mahali. Akatia nusu, akakanda. Akaongeza. Zilipobaki gramu tisini kwenye bakuli, donge liliacha kushika mikono, likawa laini kama ndewe ya sikio, na akaelewa maana ya unga kunywa. Aliacha hizo tisini pale pale. Alitia na pilipili kavu iliyosagwa, kiasi cha ncha ya kisu. Haboba hakuitaja, lakini ulimi wa Rashidah uliikumbuka: utamu kwanza, halafu nyuma kabisa, joto dogo linalokuambia umeamka.

Alisukuma donge kwa chupa, unene wa kidole kidogo, akakata maduara kwa mdomo wa glasi ya chai. Mafuta yakawekwa motoni.

La kwanza lilizama, likatulia, likageuka jeusi upesi kuliko alivyoweza kulifikia. Moshi ukapanda, ukatoka dirishani.

Kutoka chini ikaja sauti. "Nani huyo anachoma nyumba?"

"Ni mimi, Haboba!"

"Punguza moto! Mafuta si adui yako!"

Alipunguza. La pili lilitoka limeungua upande mmoja. La tatu likavimba katikati, likaelea, likageuka lenyewe kama samaki aliyelala, na rangi yake ikawa ile aliyoiona asubuhi mia moja sitini na moja. Akaketi kidogo kwenye kiti cha jikoni. Si uchovu. Kisha akainuka, maana mafuta hayasubiri.

Zilitoka nzima ishirini na tatu. Alichagua kumi na mbili, akazipanga kwenye sahani ya bati, na alipozifunika kwa kitambaa akabadili mawazo akakiondoa. Zililetwa wazi, zirudi wazi.

*

Saa moja na dakika thelathini na tano alishuka. Chumba cha Haboba kilikuwa kimekwisha hamishwa. Kitanda, sanduku, na karai lililofungwa kwa kamba vilikuwa kwenye pikapu, na Hamim, mtu mrefu mwenye mvi za ghafla, alikuwa anakaza turubai. Mama yake alikaa chumbani kwenye mkeka wa mwisho, fimbo kando, amevaa ushungi mpya wa safari.

"Asalam aleikum, Haboba."

"Waaleikum salaam. Kumbe nyumba haikuungua."

Rashidah aliketi mbele yake mkekani, akamwekea sahani mapajani.

Kikongwe alianza na harufu. Akainama, akavuta pumzi, akasema "eh" ndogo. Halafu mikono yake ikashuka itafute chakula, lakini ikagusa ukingo kwanza. Vidole vikazunguka ukingo wa sahani polepole, nusu, robo tatu, vikafika pale rangi ilipobanduka. Vikasimama.

Nje Hamim alikuwa anavuta kamba.

"Hii ni yangu," Haboba alisema.

"Ni yako. Nimekaa nayo vibaya. Sikutaka irudi tupu, na kila nilichotaka kukitia kilikuwa kidogo. Haboba, nataka kukushukuru. Nimeshindwa miaka mitatu, na leo sina kesho, basi nasema. Ungeniacha, nisingemaliza dawa. Ahsante."

Alikuwa amepanga sentensi kumi. Zilitoka hizo.

Haboba alichukua kabalagala moja, akaivunja, akaibonyeza kati ya vidole, akala nusu. Alitafuna kama mtu anayesoma mkataba.

"Maji hukuweka."

"Sikuweka."

"Ndizi umepata zilizochoka."

"Mara ya pili."

"Pilipili. Nani alikuambia pilipili?"

"Hakuna. Nilikumbuka."

Kikongwe alimeza. Ile nusu ya pili akabaki ameishika. Macho yake, yenye ukungu, yalikuwa yanaelekea mlangoni, si kwa Rashidah.

"Mimi nilidhani umekasirika," alisema.

"Nimekasirika na nini?"

"Na jani."

Rashidah hakuelewa, na alikuwa mtu asiyeona haya kusema hivyo. "Jani gani, Haboba?"

"Usinifichie aibu, binti. Mtu mgonjwa anapelekewa chakula kwa sahani. Anaingia mtu ndani, anakaa naye, anamwangalia akila. Mimi nilikuletea kwa jani, ukila unatupa. Nikaweka dirishani, nikakimbia. Kwa nini?" Aligonga mkeka kwa kidole. "Walisema ugonjwa unakaa kwenye vyombo. Huyu Hamim alipiga simu kutoka njiani, akaniambia Mama, ukimpa sahani usiirudishe nyumbani. Na mimi niliogopa. Sitasema walinilazimisha. Niliogopa mwenyewe. Kila siku nilipanda ngazi nimefunga mdomo kwa ushungi."

Hamim alikuwa amesimama mlangoni na kamba mkononi. Alisikia jina lake, akatazama sakafu.

"Ulipomaliza nikaona haya," Haboba akaendelea. "Nikatoa sahani yangu nzuri, ile ya harusi yangu. Nikasema, akiirudisha, tumepatana. Akiirudisha nitamwambia. Haikurudi. Ukaniletea sukari ya Idd kama unavyompa kila mtu, sahani ukabaki nayo. Nikasema, basi, amejua. Ana haki."

Miaka mitatu, Rashidah alifikiri. Ngazi moja, sahani moja, watu wawili, kila mmoja akipita na aibu yake chini ya shuka. Alitafuta kitu cha kusema na akapata, kwanza, alichokuwa nacho siku zote.

"Kifua kikuu hakikai kwenye sahani," alisema. "Hupita kwa hewa. Na wiki mbili za dawa zikipita, wengi hawaambukizi tena. Ulianza kuja siku ya nane. Kwa hiyo jani halikukukinga na kitu, na baada ya siku chache hakukuwa na kitu cha kukukinga nacho."

"Yaani niliogopa bure."

"Bure kabisa."

Haboba alitikisa kichwa. Kona ya mdomo ikaanza kucheka, ikakatazwa.

"Lakini hukujua," Rashidah akasema. Hapa alilazimika kwenda polepole, kwa sababu hakukuwa na karatasi aliyoisoma. "Mimi siku zote nimeishukuru kazi yako nikidhani ilikuwa ya huruma, na kwamba wewe si mtu wa kuogopa. Sasa unaniambia uliamini utakufa, na ukapanda ngazi. Kesho yake ukaamini tena, ukapanda tena. Mara mia moja sitini na moja. Haboba, kumbe nilikuwa nimekushukuru kidogo."

Kikongwe alifuta shavu moja kwa mgongo wa mkono uliokuwa na kabalagala, akajipaka sukari na mafuta, asijali. Kisha akasukuma sahani kutoka mapajani mwake ikakaa katikati ya mkeka, kati yao wawili.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi kula. Mimi sili peke yangu kama mgonjwa."

Wakala. Mikono yao ilikwenda sahani ileile, ikagongana mara moja juu ya ukingo wa buluu, ikapishana. Haboba alisema donge lingesukumwa jembamba kidogo. Rashidah alisema atapunguza milimita mbili. Haboba alisema asilete milimita kwenye chakula.

"Hamim," aliita bila kugeuka. "Wewe hapo mlangoni, mwenye simu."

"Naam, Mama."

"Njoo uchukue. Sahanini. Kwa mkono wako."

Hamim aliingia, akapiga magoti penye mkeka, mtu mzima mwenye mvi. Alichukua kabalagala moja, akala. "Ahsante, mwalimu," alisema. Baada ya kumeza akaongeza kwa sauti ya chini, "Na unisamehe." Rashidah akamwambia kwamba watu walikuwa hawajui, na kwamba sasa wanajua, na achukue ya pili.

Ilipofika saa mbili kasoro dakika tatu, zilibaki sita. Hamim alitoa mfuko wa plastiki aziweke za njiani. Mama yake akamnyang'anya mfuko.

"Zinakwenda hivihivi."

"Mama, ni masaa saba barabarani."

"Nina magoti au sina?"

Walimpandisha pikapu, kiti cha mbele, mmoja huku na mwingine kule. Rashidah alimfunga mkanda, akaupitisha juu ya ushungi usiukunje, kisha akampa sahani. Haboba akaiweka magotini, akaishika ukingo kwa mikono miwili, kama alivyoishika mlangoni siku ile.

"Zile ulizounguza umezitupa?" aliuliza.

"Ziko jikoni. Mbili."

"Usitupe. Kula na chai. Kesho fanya tena, ndizi usichague kwa macho." Akafikiri kidogo. "Halafu umpelekee yule mjane wa chumba cha tatu. Kwa sahani."

"Kwa sahani, Haboba."

Saa mbili kamili Hamim aliwasha gari. Lilitoka uani, likapita kona ya chini, na Rashidah alisikia sauti ya Vera ikimwita Haboba kutoka ng'ambo ya barabara, na honi ikimjibu mara mbili.

Alipanda juu. Alichemsha chai, akaketi mezani karibu na mizani, akala kabalagala mbili zilizoungua, moja nyeusi yote na moja nusu. Halafu akachukua daftari na kuandika: ndizi kumi na nane, zenye madoa. Unga gramu mia tatu na kumi. Pilipili, ncha ya kisu. Alitazama mstari wa unga, akakata ile namba, na pembeni yake akaandika: utakavyokunywa.